Gurudumu la Fundi Majeneza

Siku Hakika alipowaona watu saba wazima, wenye afya na pesa mfukoni, wamekaa kwenye benchi moja wakitazama vanishi ikikauka, alisimama katikati ya barabara akashika kifua. Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa furaha. Watu saba hawana la kufanya, hawana pa kwenda mpaka jeneza lao likauke, na karakana nzima haina hata redio! Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ilikuwa sawa na kumkuta ng'ombe amejifunga mwenyewe kwenye nguzo, na ndoo ameshaileta.

Kazi yake ilikuwa ipi? Hapo ndipo penye ubishi. Mwenyewe alijiita mshauri. Watu wa mtaani walimwita Hakika, kwa kuwa hakuwahi kuuza kitu kisicho cha hakika. Alishauza dawa ya hakika ya kuzuia mvi, na aliyeinunua alikuwa na upara. Alishauza kiwanja cha hakika, na mnunuzi alipokwenda kukikagua alipokewa na vyura. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hakika angemtoa nyoka, kisha angemuuzia lile pango upya.

Lakini wiki hiyo alikuwa na shida ya kweli, na shida yenyewe ilikuwa msusi. Msusi huyo alikuwa na kiti kimoja chini ya turubai, nyuma ya stendi ya mabasi. Alikuwa na vidole vyepesi, na masikio yaliyosikia uongo wa wateja tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka tisa. Hakika alimpenda. Tuliseme hilo wazi kabisa, kwani hadithi hii ina ubabaishaji mwingi lakini hapo haupo: alimpenda hadi chakula kikawa hakimpiti kooni. Miaka miwili alikuwa akimwahidi ndoa, na miaka miwili ahadi ilikuwa ikiahirishwa kwa sababu nzuri nzuri. Mwishowe msusi alichana kichwa cha mteja aliyekuwa mbele yake, akasema bila kuinua macho:

"Dada yangu ananiita mji wa pili. Saluni yake ina viti sita. Ijumaa ya wiki ya pili napanda basi la saa kumi. Ukitaka nisipande, nioneshe mlango wenye kazi yako nyuma yake. Mlango tu. Sitaki hotuba."

"Mpenzi, nina mipango ambayo..."

"Hiyo ni hotuba."

Mteja mwenye kichwa alicheka. Hakika aliondoka na aibu yake, akaenda kutafuta mlango. Aliupata siku hiyo hiyo: chumba cha mbele, rangi ya bluu, dirisha la kutundikia kibao. Mwenye chumba alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, noti elfu moja. Hakika hakuwa na noti elfu moja. Alichokuwa nacho, chini ya kitanda chake, kimefunikwa gunia, kilikuwa gurudumu.

Gurudumu lenyewe lilitoka kwenye kasino iliyofungwa. Muuza vyuma chakavu alimwachia kwa bei ya birika. Lilikuwa pana kama meza ya kulia, limegawanywa vyumba ishirini na vinne, kila chumba na namba yake na rangi yake, na ukingoni misumari iliyogonga kiulimi cha ngozi kila lilipozunguka. Miezi mitatu lilikaa chini ya kitanda likisubiri mtu wake. Sasa Hakika alikuwa amemwona. Penye wafiwa saba na benchi moja, mtu wake hakuweza kuwa mwingine ila mwenye benchi.

Fundi majeneza alikuwa mzee mwembamba, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, maranda kwenye nyusi. Biashara yake haikumruhusu kucheka mbele ya wateja, na kwa kuwa alikuwa na wateja kila siku kwa miaka thelathini, uso ulishazoea.

"Pole," alimwambia Hakika, kama alivyomwambia kila aliyevuka kizingiti.

"Mimi sijafiwa, mzee wangu."

"Pole hivyo hivyo. Bado mapema."

Hakika alivuta kigoda, akakaa, akakunja nne. "Mzee wangu, nimekaa nje nikaitazama biashara yako, machozi yakanilenga. Kazi safi, mbao safi, lakini ina ugonjwa mmoja. Mteja wako anakuja mara moja tu."

"Na hata hiyo mara moja haji mwenyewe," fundi alisema.

"Umeona! Lakini wanaomleta? Wamekaa pale saa tatu wanatazama vanishi. Wana pesa, wana huzuni, na hawana pa kuvipeleka vyote viwili." Hakika aliinama karibu. "Nitakuletea kitu kitakachowapunguzia vyote viwili."

Akalileta gurudumu siku ile ile kwa mkokoteni, akaliegemeza ukutani kati ya randa na kopo la gundi, akalizungusha. Tak-tak-tak-tak. Wafiwa saba waligeuza shingo kwa pamoja.

"Sasa nisikilize," alisema Hakika. "Watu ishirini na wanne. Kila mmoja ameweka noti moja kwenye chumba chake. Umeshika ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Linazunguka, linasimama. Mmoja ameshinda, hawezi kukosekana. Unampa ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini!" Hakika alipiga paja. "Unampa ishirini, unampa na mkono wa pongezi, anaondoka anaimba. Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Za nani hizo?"

Fundi alitazama huku na huku, akiogopa mwenyewe asije akatokea. "Zangu?"

"Zako! Hujaiba, hujadanganya, hujaligusa gurudumu. Leo anaweza kushinda huyu, kesho akashinda yule, keshokutwa ukaona umefilisika. Usitishike. Bahati ni ya siku moja, hesabu ni ya mwaka mzima. Katika kila noti sita zinazowekwa hapa, moja inalala kwako, na aliyeiacha anakuambia asante."

Inafaa tusimame hapa kidogo kwa heshima. Katika maisha yote ya Hakika, hii ndiyo hotuba pekee ambayo kila neno lake lilikuwa kweli tupu. Alipoimaliza koo lilikuwa limemkauka, akaomba maji.

Fundi alifikiri. "Kama ni tamu hivyo, kwa nini huliweki kwako?"

"Sina mlango, mzee wangu," alisema Hakika, na hiyo nayo, jamani, ilikuwa kweli.

Walibishania bei hadi vanishi ikakauka. Fundi alitoa noti hamsini, moja moja, kila moja akiiaga kwa macho. Hakika akaongeza kwa ukarimu kwamba kila Ijumaa angekuja kulitia mafuta gurudumu, bure.

"Bure?" fundi aliuliza.

"Bure kabisa."

"Pole," alisema fundi.

Sasa tumwambie msomaji yale ambayo fundi hakuambiwa. Nyuma ya gurudumu, mgongoni mwa namba kumi na tisa, Hakika alikuwa ameshona kimfuko kidogo cha ngozi. Kikiwa kitupu, gurudumu lilikuwa mwaminifu kuliko hakimu. Lakini ukitia ndani kipande cha risasi cha ukubwa wa kidole gumba, kumi na tisa inakuwa nzito, inashuka chini kila mara, na namba iliyo mkabala nayo, ambayo ni saba, inapanda juu na kusimama chini ya kiulimi. Mpango ulikuwa mwepesi. Wiki mbili gurudumu lingefanya kazi yake halali na kulijaza kopo la fundi. Ijumaa ya pili Hakika angekuja kutia mafuta, angetia na risasi, kisha angerudi kivingine na kuweka noti zake hamsini kwenye saba. Hamsini mara ishirini ni elfu moja. Elfu moja ni mlango wa bluu. Mlango wa bluu ni msusi.

Wiki hizo mbili karakana iligeuka uwanja. Wafiwa walikuja mapema na kuondoka wamechelewa. Familia moja ilifika makaburini jua linazama, kwa sababu shemeji alisema hatoki mpaka arudishe alichopoteza. Wakaja watu wasiofiwa kabisa, wakajifanya wanauliza bei. Wengine walikuja na marehemu wa kubuni, akina bibi ambao walikuwa wamefariki mara tatu ndani ya wiki moja. Fundi aliwapa wote pole, akazungusha, akatia noti kwenye kopo.

Hakika alipita kila siku kwa mbali kulitazama kopo likinenepa. Aliona na mambo mengine, lakini hayakumshughulisha. Aliona kwamba mwenye bucha ametia bawaba mpya za shaba kwenye mlango wa duka. Aliona muuza kahawa anabeba sanduku lake la vikombe kwa vishikio viwili vizito vinavyong'aa, vya aina anayoijua kila aliyewahi kwenda mazikoni. Aliona mama mwenye nyumba wake amekalia kigoda kipya kilichovishwa satini nyeupe yenye marinda. Tamaa ina macho makubwa lakini shingo yake haigeuki. Hakika alikuwa akilitazama kopo.

Ijumaa ikafika. Saa saba mchana, wateja walipokwenda kula, Hakika aliingia na kopo la mafuta, akapangusa misumari, akapuliza vumbi, akaingiza mkono nyuma. Risasi ikakaa mahali pake. "Limekuwa laini sasa," alisema. Fundi alishukuru bila kuinua uso kwenye randa.

Dakika kumi baadaye aliingia mtu mwingine. Alivaa koti jeusi, miwani myeusi na kofia iliyoshuka hadi nyusi, na leso iliyosuguliwa kitunguu ilikuwa inafanya kazi kuliko ilivyotarajiwa. Machozi yalimtiririka kwa wingi hata akagonga ndoo mlangoni.

"Pole," alisema fundi.

"Asante," alilia Hakika kwa sauti ya pua.

"Nani?"

"Mjomba."

"Alikuwa mrefu?"

"Wa wastani."

Fundi kwa mazoea alivuta futi kamba mfukoni, kisha akaonekana kukumbuka kitu, akairudisha. "Kaa. Ukitaka kupunguza mawazo, gurudumu hilo."

Watu walikuwa wameanza kurudi kutoka kula. Muuza kahawa aliweka sanduku lake chini. Mwenye bucha aliingia na aproni yake. Mwanafunzi wa ujanja angekimbilia saba moja kwa moja, lakini Hakika alikuwa bingwa. Alipoteza noti moja kwenye tatu, moja kwenye kumi na mbili, moja kwenye ishirini, na kila mara saba iliposhinda alipiga kelele ya uchungu. Kisha akatoa noti hamsini, akazibusu.

"Mjomba alikuwa na watoto saba," alisema. "Zote kwenye saba."

Fundi alilishika gurudumu, akalizungusha kwa nguvu zake zote. Tak-tak-tak-tak. Namba zikawa rangi moja, kisha zikaanza kujitenga. Tak, tak. Ishirini ikapita. Ishirini na mbili ikapita, ikijivuta. Tak. Moja. Nne. Sita ikasita, watu wakashika vichwa. Tak. Saba.

Kelele zilizopigwa zilitikisa misumari kwenye makopo. Mwenye bucha alimkumbatia Hakika. Mtu asiyejulikana alimbusu kwenye kofia. Hakika alisahau kulia.

"Elfu moja!" alipaza sauti, na pua yote ikamwacha.

Fundi hakupepesa macho. Alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika juu ya ubao, akapiga mstari. Halafu akaenda nyuma ya karakana, akashika turubai kwa ncha na kuivuta. Chini yake yalipangwa majeneza mapya, yanang'aa.

"Kumi na moja kwa tisini tisini, mia tisa na tisini," alisema. "Zimebaki kumi. Hizo ni vishikio viwili vya shaba. Hongera."

Hakika alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha. Akatazama kulia na kushoto kuona nani mwingine anacheka. Hakuwapo.

"Mzee wangu, pesa yangu."

"Hapa karakana, bwana. Pesa ikiingia inatoka ikiwa mbao. Tangu enzi za marehemu baba. Fundi harudishi pesa, anatoa kazi."

"Ndivyo ilivyo," alisema muuza kahawa. "Mimi nilishinda juzi, nikapewa vishikio. Nimevipenda."

"Mimi bawaba," alisema mwenye bucha. "Shaba kweli kweli."

"Lakini sheria ya gurudumu!" Hakika alipiga meza. "Mara ishirini! Kasino kubwa zote duniani zinalipa pesa!"

"Wewe umezijuaje, nawe umefiwa?" aliuliza fundi kwa upole, akamshika mkono na kumvuta pembeni, karibu na kopo la gundi. Hapo aliongea kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini upande mmoja wa mdomo wake ulipanda juu kidogo.

"Mimi seremala, mwanangu. Siku ya kwanza nililigeuza gurudumu nione limeungwa vipi. Nikakuta kimfuko nyuma ya kumi na tisa. Kitu kisicho na kazi hakishonwi. Nikahesabu kwenda upande wa pili, nikafika saba. Nikasema, ahaa, yuko mtu atakuja kuchukua saba yake. Basi nikakuwekea. Ukitaka twende kushtaki, twende. Gurudumu tutalibeba na risasi yako ndani, litoe ushahidi."

Hakika alifungua mdomo. Ulimi, ule wa kumtoa nyoka pangoni, ulibaki umelala. Akajipa moyo kama wafanyavyo wote waliokwisha kulizwa: alitafuta faida. Jeneza ni bidhaa, hata kwa nusu bei atakula. Hakuna asiyelihitaji, ni suala la tarehe tu.

"Haya," alisema. "Nitayauza."

"Jaribu," alisema fundi. "Shida ni moja. Futi kamba yangu ilikatika mwanzoni nami sikujua, ikawa inaanzia inchi ya kumi na mbili. Nimetengeneza yote hayo ndipo nikagundua. Kila moja limepungua futi nzima. Mwezi wa nne huu yamekaa hapo, hakuna anayeingia." Alifikiri kidogo. "Hata mjomba wako wa wastani."

Kwa hiyo hesabu ilikaa hivi. Fundi alikuwa na gurudumu, na kopo lililojaa, na noti hamsini alizotoa zimerudi nyumbani na tatu za ziada, na nafasi nyuma ya karakana. Hakika alikuwa na majeneza kumi na moja ya watu wafupi.

Angeyaacha pale pale akakimbia, lakini ushindi una wenyewe. Watu waliokuwepo walishafurahi kwa niaba yake, wakasema mali ya mshindi lazima ifike kwake. Mikokoteni miwili ikaletwa. Majeneza sita yakapanda juu, matano yakabebwa mabegani, na Hakika akasukumwa mbele, ndani ya koti lake jeusi, miwani myeusi, leso mkononi. Kitunguu kilikuwa bado hakijamaliza kazi.

Mji mzima ulisimama. Madereva walizima injini. Wanaume walivua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua nyanya aliyahesabu majeneza, alipofika nane akaketi chini. "Maskini, familia nzima," walinong'ona. "Na madogo hivyo! Watoto!" Wakaanza kufuata. Walipofika kwenye ua wa nyumba aliyopanga Hakika, msafara ulikuwa umejaza barabara, na nusu ya waliofuata hawakujua wanamlilia nani, lakini walilia vizuri. Wabebaji, waliojua ukweli, walitua majeneza wakakimbia kurudi kwenye gurudumu.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akimdai Hakika kodi tangu mwezi uliopita, alimwona anaingia na maafa makubwa kiasi hicho, akapasuka kilio. "Nami nilimtukana jana!" Akatandika mikeka, akaweka kikapu kikubwa katikati ya ua, akatia noti ya kwanza yeye mwenyewe. Watu wakapanga foleni. Kila mmoja alitia chake, akamshika Hakika mkono, akasema pole. Hakika alijaribu kuwaambia. Wallahi, alijaribu mara moja. "Ndugu zangu, hamna mtu humo..." Wakamkumbatia kwa nguvu. "Huzuni imemchanganya," walisema, wakaongeza noti.

Baada ya nusu saa alikichungulia kikapu. Jicho lake lilikuwa na uzoefu, na lilimwambia kwamba kodi ya mlango wa bluu ilikuwa imekaribia kutimia. Bado saa moja basi liondoke! Saa moja tu ya kulia vizuri!

Ndipo msusi akaingia langoni, mkoba wa safari begani. Alisimama. Aliyatazama majeneza, midomo yake ikahesabu kimya kimya. Akapita katikati ya waliolia hadi aliposimama mbele ya Hakika.

"Uliniambia huna ndugu hata mmoja."

"Ndiyo."

"Na leo wamekufa kumi na mmoja."

Uongo ulikuwa tayari. Ulishavaa, ulishachana nywele, ulisimama nyuma ya meno: ndugu wa mbali, upande wa baba, ajali, nilikuwa nakuficha uchungu. Hakika aliuona ni mzuri kuliko wowote aliowahi kutunga. Akautazama uso wa msusi, na akashikwa na hofu ambayo hakuijua, kwa kuwa alielewa kwamba akiutoa, huyu mwanamke atauamini au hatauamini, lakini kwa vyovyote ataondoka. Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya safu ya majeneza, wakachuchumaa.

"Hayana mtu," alisema. "Nimeyashinda kwenye gurudumu."

Akamwambia yote. Alimwambia benchi na vanishi, kimfuko na risasi, saba na kitunguu, futi kamba iliyokatika, kodi ya mlango. Hakupamba. Hata hakujua namna ya kupanga maneno yasiyopambwa. Yalimtoka kombo kombo kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume. Alipomaliza alisema, "Nilitaka nikuoneshe mlango. Sina. Nina haya tu."

Msusi aliziba mdomo kwa viganja. Mabega yakaanza kumtikisika. Upande wa pili wa majeneza watu waliona kichwa chake kinavyotetemeka, wakalia upya, na noti nyingine nne zikaingia kikapuni. Alikuwa anacheka hadi machozi yanamdondoka.

"Nimekuamini," alisema alipopata pumzi.

"Kweli?"

"Mtu anayedanganya angechagua kitu chenye adabu kuliko hiki." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Halafu akawa makini. "Na kile kikapu?"

Hakika aliinamisha kichwa.

"Watu hawa wakijua, watakulaza humo humo, na kwa urefu wako watakukunja. Nipe mimi. Mimi nawasuka wake zao wote, najua nani ni nani na namna ya kumwambia. Nitawarudishia kila mtu chake, nyumba kwa nyumba. Wewe kaa hapa na ufunge mdomo. Huo mdomo, tafadhali, ufunge."

"Utarudi?"

Msusi alimtazama kwa muda mrefu, namna anavyotazama kichwa kabla hajaamua aanzie wapi kusuka. "Nisubiri," alisema.

Akasimama, akaenda kwa mama mwenye nyumba, akamnong'oneza kitu. Mama mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa na kumkabidhi kikapu kwa mikono miwili. Msusi akatoka langoni, mkoba wa safari kwenye bega moja, kikapu kwenye mkono wa pili.

Saa tisa na nusu ua ulianza kupungua watu, kwa kuwa hata huzuni ina saa zake za kazi. Saa kumi kasoro robo, Hakika alimuuliza dereva mmoja aliyetia noti kikapuni kama amerudishiwa kitu. Dereva alisema kitu gani. Akamuuliza na mwanamke wa nyanya. Mwanamke wa nyanya akampa pole tena.

Kutoka upande wa stendi basi lilipiga honi, ndefu, mara mbili. Kisha ikasikika injini ikipanda mlima, ikafifia, ikanyamaza.

Muuza kahawa alikuwa bado yupo, maana wafiwa hunywa sana. Alikuja akakaa juu ya jeneza la pembeni, akaweka sanduku lake chini.

"Kaka, nimesikia kidogo mlivyokuwa mnaongea huko nyuma," alisema. "Siwaambii watu. Lakini huyo harudi."

"Atarudi."

"Ana mkoba, ana kikapu, ana basi. Unajuaje kama atarudi?"

Hakika alifikiri. "Sijui."

"Basi tuwekeane," alisema muuza kahawa, macho yakimng'aa. "Akirudi kabla jua halijazama, nakupa kahawa, kikombe kimoja. Asiporudi, nachukua viatu vyako."

Hakuna mtu katika mji ule aliyejua hesabu hizi kuliko Hakika. Angeweza kumwambia muuza kahawa, hadi noti ya mwisho, mchezo huo unamwibia kiasi gani anayeukubali. Gurudumu lenyewe lilikuwa na huruma kuliko huo. Katika maisha yake yote alikuwa hajamwona mjinga anayeweza kuingia mkenge wa waziwazi namna hiyo, na kama angemwona, angemuuzia kiwanja.

Aliinama akafungua kamba za viatu. Akavivua, akaviweka juu ya jeneza, kimoja kando ya kingine, akageuka kulitazama lango.